Ngoma Kuu ya Fundi Luxoriu

Fundi Luxoriu, mpiga zumari, alikuwa mchoyo wa ngoma zake, zile nyimbo za kuchezea. Wanafunzi wa zamani aliwapigia zumari la matete matatu akiwa amewapa mgongo, wasione vidole. Wakachoka, wakaenda zao. Wageni waliokuja kumrekodi aliwafungia mlango. Bonarina, mwoka mikate wa kijiji, ndiye pekee aliyevumilia. Alijifunza kupuliza huku akivuta hewa puani, sauti isikatike, hadi mashavu yakafa ganzi. Alijifunza kuchonga matete na kuyapaka nta. Lakini kila alipoomba ngoma kuu ya sikukuu, mzee alimjibu, "Bado, binti. Mkate mbichi hauliwi."

Baridi ilipokwisha, mzee mwenyewe akamwita. "Keti hapa mbele. Leo nakupa."

Akapiga. Sehemu ya kwanza ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu; kisha, pale ngoma ilipopaswa kupanda, vidole vikarudi mwanzo. Vikazunguka hivyo tena na tena, vikitafuta njia bila kuiona, jasho likimtiririka.

"Baada ya hapo, Fundi?"

"Baada ya hapo nini? Imekwisha! Hayo ni masikio au vipini vya sufuria?"

Bonarina alikuwa ameisikia ngoma hiyo tangu utotoni, akajua kuna kilichobaki, ila kukiimba hakuweza. Akaenda kwa bibi Peppica, aliyekuwa kinara wa wachezaji enzi zake. Bibi akashika ukingo wa meza, akacheza, Bonarina akipuliza. Sehemu ya tatu ilipokwisha, mguu wa bibi ukaruka, ukapiga sakafu mapigo mengine kabisa, mafupi mafupi.

"Hapa! Hapa ndipo tulipokuwa tukiruka!"

"Niimbie basi, bibi."

"Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nacheza. Nani alikuwa anasikiliza?"

Siku ya sikukuu Bonarina alipiga uwanjani mbele ya kanisa, na alipofika pale pa kuruka, akarudi mwanzo. Angefanyaje? Wazee katika duara la wachezaji wakajikwaa, wakatazamana, vijana wakaendelea. Luxoriu akapiga makofi kuliko wote.

"Mmesikia? Huyu amehitimu! Kwangu hana alichobakiza!"

Bonarina akambusu mkono.

Kabla ya baridi kurudi walimzika Luxoriu, na Peppica naye akafuata. Sikukuu iliyofuata, Bonarina akapiga tena vilevile. Safari hii hakuna mguu uliojikwaa, hata wa wazee.