Kabla Nguo Hazijakauka

Ulipita pale, usijifanye hukupita. Ofisi ya wakala wa ajira za nje inatazamana na duka unaponunua mkate. Kupitia kioo ulimwona akivuta uzi juu ya ramani ya ukutani, kutoka uwanja wetu wa ndege hadi ule wa ng'ambo. Ukageuza shingo, ukaenda kuchagua mkate laini.

Aliyeketi ndani alikuwa mama yangu, na dada yangu ubavuni.

"Tazama, mama," wakala aliimba. "Uzi wenyewe haufiki shibiri mbili. Ndege saa saba tu! Ukimhitaji binti, anika nguo. Hazijakauka, yuko mlangoni."

"Hata shuka nzito?"

"Hizo ndizo hasa!"

Mama akacheka, dada akapanda ndege kwenda kulea watoto wa watu. Uzi haukuonyesha kabati. Siku aliyofika, mwajiri alifungia pasipoti yake humo, na saa saba zile sasa zina miaka minne.

Mwezi huu moyo wa mama umechoka. Daktari kasema aliye mbali aitwe upesi. Mama kaniagiza nifue shuka za kitanda cha dada, nizianike karibu na dirisha lake yeye, azione akiwa kitandani.

"Zimekauka?" huniuliza jioni.

"Bado, mama."

Huwa zimekauka kama karatasi. Kila asubuhi, akiwa bado amelala, nazilowesha upya.

Nikamwendea wakala. "Bwana mkubwa, saa saba zako ziko wapi?"

"Ndege ni saa saba, sijasema uongo. Ruhusa ni mambo mengine. Mwajiri anasema watoto wamemzoea."

"Na mama aliyemzaa hajamzoea?"

"Punguza sauti, kijana. Mimi nauza kwenda. Kurudi siuzi."

Mwongo mkubwa! Binti wa diwani alipochoka kule, simu moja ya bwana huyu ilifungua kabati. Mtaa umesahau, mimi sijasahau.

Na hapo hapo, mbele ya macho yangu, aliketi mama mwingine na bintiye, uzi umeshavutwa.

Nikaenda nyumbani, nikarudi na shuka mbichi ndani ya ndoo. Nikaitundika juu ya ramani yake. Maji yakachuruzika hadi kwenye viatu vyake vinavyong'aa.

"Una wazimu wewe!"

"Shikamoo, mama," nikamwambia yule mgeni. "Subiri hapa uone kama dada yangu atafika kabla haijakauka."

Mama yule alimtazama wakala. Wakala akatazama viatu. Mama akamshika bintiye mkono, wakatoka.

Shuka moja imemfukuzia mteja mmoja. Mtaa mzima ukitundika, ataishika ile simu, hata kwa meno. Mama yangu bado anapumua, bado anauliza. Basi weka huo mkate chini. Loweka shuka yako, usiikamue, uilete ofisini kwake sasa hivi. Mlango uko wazi, nami nimeshika misumari.