Redio ya Baba Esther

Mwaka ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, Vitalis aliacha jembe akawa wakala wa mfanyabiashara mmoja wa Masasi. Msimu haujaisha, akarudi kijijini kwetu Makote juu ya lori, amekumbatia boksi kama mtu aliyepakata mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na redio. Kwa umbo haikuwa kubwa, lakini ilikuwa na deki mbili za kaseti, mahali pa kuwekea CD juu yake, taa zilizobadilika rangi, spika mbili zilizofunikwa kitambaa cheusi, na rimoti. Jenereta ndogo akaiweka nyuma ya jiko. Siku ya kwanza alipoiwasha, sufuria za majirani zilitetemeka kichanjani. Jioni hiyohiyo watu walikuwa wameshaipa jina: Trekta.

Wengi wetu tulifurahi. Tulikuwa tumezoea redio za betri ambazo unaziwekea sikio kama unayesikiliza siri. Hii uliisikia ukiwa shambani kwako, umeinama unaokota korosho, na kiuno chenyewe kilijua la kufanya.

Aliyekaa karibu naye kuliko sote ni Dorika, ambaye tulimwita Mama Kurwa. Uzio wa mianzi tu ndio uliotenganisha nyua zao. Dorika aliishi na wanawe mapacha, kaka yake Adolf, na mama yao, Bibi Scholastika, aliyekuwa hawezi tangu kiangazi.

Ukoo wa Dorika na ukoo wa Vitalis ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu mtani ndiye anayekuchimbia kaburi. Ndiye anayepika msibani, na ndiye anayevaa nguo za marehemu akatembea kama marehemu, ili wenye kulia wapate pumzi ya kucheka. Anaweza kukutukana, kukunyang'anya kiti, kuzuia shughuli yako isiendelee; wewe hukasiriki. Mwisho unampa kitu, jogoo au kanga, naye akishapokea, yote yamekwisha.

Jumamosi moja mchana Bibi Scholastika aliomba ainuliwe akalishwe. Adolf akamwegemeza kifuani. Mama yule alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, sasa akaanza kuwatazama watoto wake mmoja mmoja, midomo ikicheza. Dorika akamwinamia. Alichosikia ni besi ya Trekta, ikipiga ukutani kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Akatoka mbio, akapita kwenye uwazi wa uzio. Vitalis alikuwa amekaa barazani na wageni wawili wa kutoka Masasi, chupa za bia miguuni.

"Baba Esther, tafadhali punguza. Mama anaongea."

"Anaongea na nani?"

"Anatuaga."

"Basi mwache aage kwa ngoma, mtani wangu! Mbona ninyi wa kwenu mnapenda kufa kimyakimya kama panya wa ghalani?"

Wageni wakacheka. Mmoja akapiga paja.

"Baba Esther, mimi sitanii."

"Mtani akisema hatanii, hapo ndipo anapotania," Vitalis alisema, akainua rimoti juu kama padri anayebariki, na sauti ikapanda. "Petroli imeshaingia, haitoki tena. Nenda kamchezee bibi."

Dorika alirudi akaweka sikio kwenye mdomo wa mama yake. Pumzi aliihisi, ya joto, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika, kama inavyokuja kwa mtu anayesema maneno na kuyapanga. Maneno yenyewe hakuyapata. Adolf naye hakuyapata. Kisha kichwa cha mama kikalala upande.

Nisimpunje Vitalis haki yake. Aliposikia kilio alizima redio palepale, akaja na sepetu, akachimba kaburi tangu udongo mwekundu wa juu hadi mwisho, hakukubali kupokewa. Lakini siku ya kuanua matanga akavaa kanga ya marehemu, akajilaza mkekani, akajifanya bibi anayekata roho huku mabega yakicheza muziki. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Dorika akaleta jogoo, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Yamekwisha, mtani?" Vitalis aliuliza.

"Jogoo wako huyo," Dorika alijibu.

Baadaye alikwenda kwa wazee kueleza lile la rimoti. Walimsikiliza vizuri, wakamwambia, "Mwanetu, si umeshatoa jogoo?" Akawashukuru akarudi nyumbani.

Tangu hapo akawa rafiki mkubwa wa Devotha, mke wa Vitalis. Walishuka pamoja bondeni kuchota maji, wakapandisha mlima pamoja, ndoo kichwani. Akamsaidia kubangua korosho barazani, na Trekta ikiimba pembeni.

"Hiki kidude cha kazi gani, Mama Esther?"

"Cha kuongeza sauti. Hiki cha kupunguza. Hiki ukikibonya inanyamaza kabisa."

"Hata nikiwa huku mbali?"

"Hata ukiwa pale kwenye mpapai. Jaribu!"

Dorika alijaribu. Devotha alipiga vigelegele, maana furaha ya kuwa na kitu ni kupata wa kumwonyesha.

Mwaka uliofuata, mikorosho ilipokuwa inatoa maua na kijiji kizima kinanuka salfa ya kuipulizia, Bibi Paulina, mama yake Vitalis, aliugua ghafla akafa. Vitalis alikuwa Masasi kwenye kikao cha tajiri wake. Alifika jioni, mama ameshafungwa sanda. Alipiga magoti mlangoni akaomba aambiwe mama alisema nini. Kaka wa marehemu, Mzee Fortunatus, aliyekuwa amekuja kumtembelea kutoka Tandahimba, alimshika bega. Huyu ndiye mjomba wa Vitalis, na kwetu neno la mjomba ni zito kuliko la baba.

"Amesema," mzee alimwambia. "Kwa jina lako amesema. Akaniagiza nikupe mbele ya watu, siku ya kuanua matanga. Jikaze hadi hapo."

Dorika ndiye mtu wa kwanza kufika na ndoo ya maji msibani. Alipika, alifagia, na alilia kweli, maana Bibi Paulina hakumkosea chochote. Adolf alichimba kaburi. Hakuna aliyeona ajabu: watani walikuwa kazini.

Siku ya kuanua matanga, baada ya katekista kumaliza sala na watu kula, Dorika na Adolf waliingia ndani wakatoka na Trekta wameibeba kama jeneza. Watu wakaanza kucheka kabla hawajafika barazani.

"Marehemu amekataa kuondoka bila redio!" Adolf alipaza sauti. "Anasema huko aendako kuna giza, anataka hizi taa!"

Waya ukaunganishwa, jenereta ikavutwa kamba ikaunguruma. Adolf akaketi kando ya redio, sepetu mapajani. "Atakayeigusa hii anatoa mbuzi. Na mbuzi mwenyewe awe na mimba!"

Mzee Fortunatus akasimama na fimbo yake. Wote tukanyamaza. Vitalis akasogea mbele, akakaa chini miguuni pa mjomba wake, uso juu.

"Dada yangu Paulina," mzee akaanza, "saa alipoona safari imefika, aliniita akaniambia, mwambie mwanangu Vitalis kwamba..."

Muziki ukafumuka kama paa limepasuka. Mzee akaruka. Watu wakaanguka kwa kicheko. Tukatafuta aliyewasha: barazani alikuwa Adolf tu, mikono yote miwili juu ya sepetu. Kisha tukamwona Dorika katikati ya wanawake, kwenye mkeka, mkono ndani ya kanga.

Sauti ikazimwa. Mzee akajifuta jasho, akatabasamu. "Haya, watani, tumewaona. Kama nilivyosema, dada yangu aliniambia..."

Ukafumuka tena.

"Huyu Mama Kurwa atatuua!" Devotha alisema, anafuta machozi ya kucheka. "Kumbe nilikuwa namfundisha mwizi!"

Mara ya tatu waliocheka walikuwa wachache. Vitalis akainuka, akaleta jogoo mkubwa mwekundu, akapiga goti.

"Pokea, mtani. Umeshinda."

Dorika alimtazama yule jogoo. "Mpe maji, ana kiu," alisema. Hakunyoosha mkono.

Devotha akaingia ndani akatoka na doti ya kanga mpya, hazijakatwa. Dorika akazipapasa. "Nzuri. Zitakupendeza mwenyewe, Mama Esther."

"Basi mbuzi," Vitalis akasema. "Dada, nitakupa mbuzi. Nataka kusikia maneno ya mama yangu."

"Sauti," Dorika alisema, na akabonya, na Trekta ikanguruma hadi vumbi likadondoka kutoka kwenye makuti ya jiko.

Hapo kicheko kilikwisha. Wazee wa ukoo wake mwenyewe Dorika wakaanza kumwashiria kwa mikono, pokea, pokea. Mtani asiyepokea si mtani. Ni adui, na matanga yenye adui ndani hayaanuliki. Kila mtu pale alilijua hilo, na Dorika alilijua kuliko wote.

Alizima redio mwenyewe. Mzee Fortunatus akamwendea polepole.

"Shikamoo, mjomba," Dorika alisema, akainamisha kichwa.

"Marahaba, binti yangu. Sasa niambie. Jogoo hutaki, kanga hutaki, mbuzi hutaki. Unataka nini?"

"Nataka Baba Esther aniambie mama yangu alisema nini."

Jenereta ilikuwa bado inaunguruma nyuma ya jiko.

"Sijui," Vitalis alisema. "Nitajuaje mimi? Ule ulikuwa utani."

"Na huu pia."

Mzee akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Nilidhani atamkemea mmoja wao. Hakumkemea yeyote.

"Maneno ya dada yangu siwezi kuyamwaga palipo na deni la namna hii," alisema. "Nayarudisha Tandahimba. Siku mkija wawili, mmepatana, nitayasema."

Dorika akaiweka rimoti juu ya mkeka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka kupitia ule uwazi wa uzio. Nyuma yake Adolf akaizima jenereta.

Miezi iliyofuata Vitalis alikwenda kwa Dorika mara nyingi. Alipewa kigoda, akakaribishwa uji, akaulizwa hali ya watoto. Alipofikia habari ya safari, Dorika alikuwa na palizi, au Doto ana homa, au kuna kikao cha jumuiya. Hakuna siku aliyosema hapana. Wengine kijijini walisema huo ni ukatili, maana yule ni mtoto anayemlilia mama yake. Wengine walisema, na yeye je? Mimi nimelipima jambo hili mara nyingi na mizani inatulia kila siku upande tofauti.

Mvua zilipoanza, mtu wa basi alileta habari kwamba Mzee Fortunatus yuko kitandani. Asubuhi yake nilikuwa kwa Dorika nimefuata mbegu za kunde. Alikuwa anatwanga mihogo mikavu. Vitalis akaingia uani na viatu vyake vya safari, hakusubiri kigoda.

"Mama Kurwa, mjomba hali chakula tangu juzi. Twende leo."

"Pole sana," Dorika alisema. Mchi ulipanda na kushuka.

"Redio nimeiuza. Nimeirudisha Masasi."

"Sikukutuma uiuze. Ilikuwa redio nzuri."

Vitalis akatazama chini. Alipozungumza tena, alikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, isiyo na wasikilizaji.

"Siku ile nilijua hutanii. Nilikuona usoni nikajua. Wageni walikuwa wananitazama tu, ndiyo maana."

Mchi ulibaki juu. Nilimwona Dorika akivuta pumzi, na nikadhani sasa ataulaza chini, atanawa mikono, atatafuta kanga ya kutokea. Hata Vitalis alidhani hivyo, kwa maana alisogea hatua moja mbele na kunyoosha mkono ili ampokee mchi.

Mchi ukashuka.

"Ahsante kwa kusema," Dorika alijibu. "Ngoja nimalize hiki kilichomo."

Tulingoja. Alitwanga bila haraka, akachekecha, akarudisha chenga kinuni, akatwanga tena. Kutoka njia panda honi ya basi la Tandahimba ililia mara mbili.

"Ndilo hilo," Vitalis alisema. "Mama Kurwa, ndilo hilo!"

"Nalisikia. Siku hizi hapa kila kitu kinasikika."

Honi ililia tena, ndefu, kisha injini ikapandisha na kufifia upande wa mashariki. Vitalis akakaa chini kwenye udongo uliolowa na suruali yake ya safari. Dorika alimimina unga kwenye ungo, akakung'uta kinu, akachota kopo jingine la mihogo.