Chumvi Iliyoganda Chupani

Pikapu ya kampuni ilikuwa imeshaiacha lami na kuingia kwenye vumbi, na Kiguu hakuwa amegeuka nyuma hata mara moja. Ndivyo alivyozoea kuondoka. Aliaga akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, mguu mmoja umeshapanda, maneno mawili matatu, basi. Ukikaa kitako kuaga, alikuwa akisema, utaletewa chai, na ukinywa chai huondoki.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa halitumiki tena. Tangu ujana watu walimwita Kiguu na Njia, halafu wakachoka na urefu wake, wakabaki na Kiguu. Alikuwa mchimba visima. Kwa miaka thelathini na minane alifuata mitambo ya kuchimba maji kila ilikopelekwa, na kazi yake hasa ilikuwa kusoma tope. Tope likitoka shimoni alilisugua kwa vidole, akalinusa, mara nyingine akaliweka ulimini, kisha akasema bado, au akasema endeleeni, yapo hapo chini. Shule alisoma vipande vipande, lakini wahandisi wenye vyeti vyao walisubiri yeye ateme mate ndipo waandike.

Safari hii ilikuwa ya miezi minane. Kampuni ilimpigia Jumatatu ikamtaka kambini Alhamisi jioni, na aliambiwa bila kuzungushwa kwamba umri wake umeshakwenda, na kwamba akichelewa nafasi atapewa mpwa wa bosi, ambaye alikuwa ameshafika kambini na begi lake. Kiguu alielewa. Akiikosa hii, simu haitalia tena. Tangu Jumatatu miguu ilikuwa ikimwasha. Alikuwa akila amesimama.

Dereva wa pikapu aliitwa Redio, na hakuhitaji kueleza kwa nini. Tangu asubuhi alikuwa ameshamaliza habari za mke wa kwanza na sasa alikuwa katikati ya mke wa pili. Kiguu aliitikia "ehee" pale ilipostahili. Mawazo yake yalikuwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, penye ndoo ishirini na nne.

Miaka miwili kabla ya hapo, akiwa kwenye kazi ya mbali, mto ulifurika ukakata barabara ya mtaa wao kwa siku kumi na tisa. Mkewe na mjukuu wao wa kike walibaki ndani na kibaba cha unga. Aliporudi na kumuuliza mkewe walikula nini siku zote hizo, alijibiwa neno moja tu: tulikula. Yaliyobaki aliyasikia kwa fundi cherehani wa jirani, aliyemwambia huku anavuta uzi kwa meno, "Shemeji yetu hodari. Anajua kupika maji mpaka mtoto anadhani ni uji." Fundi alicheka. Kiguu hakucheka, na tangu siku hiyo hakuondoka tena bila kujaza ndoo.

Ufundi wenyewe aliupata kwa mtunza stoo wa kambi moja iliyokuwa ikifungiwa na mvua kila mwaka. Unakausha nafaka. Unaimimina kwenye mfuko mgumu wa rangi ya fedha, unatia humo kifuko kidogo chenye unga wa chuma, unafunga mdomo wa mfuko kwa pasi ya moto. Ule unga wa chuma unanyonya hewa iliyobaki ndani mpaka mfuko unajikunja na kuishika nafaka kama soksi ya mtoto. Mdudu akikosa hewa hana ujanja. Mfuko unaingia kwenye ndoo, ndoo inabanwa mfuniko, na chakula kinakaa miaka. Lakini yule mtunza stoo alimshika mkono akamwambia jambo moja mara tatu: iwe kavu. Punje yenye unyevu ikifungiwa humo inaoza kimyakimya, na mlaji anakuja kuambiwa na tumbo lake.

Nyumbani kwake kazi hiyo ilikuwa ya watu watatu. Kiguu alimimina. Mjukuu alitia vifuko, kwa mbio, maana kopo la vifuko likishafunguliwa vinaanza kunyonya hewa ya chumba chote na baada ya dakika chache havifai kitu. Mkewe, aliyekuwa amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa nusu ya maisha yake, ndiye aliyefunga midomo ya mifuko, mstari ulionyooka, bila kuunguza hata mmoja. Ikawa ndiyo namna ya kuagana nyumbani mwao. Mkewe akiona ndoo mpya zinaingia alijua safari ipo, hata kabla ya kuambiwa, na alikwenda kutafuta pasi.

Ndoo kumi na mbili zilikuwa za mchele na maharage ya dukani, hizo hazikuwa na neno. Kumi na mbili zilikuwa za mahindi. Mzigo wa kwanza wa mahindi ulianikwa siku tano juu ya turubai, ukalia kama changarawe. Mzigo wa pili ulifika siku ileile simu ilipolia, ukapata siku mbili tu, tena za jua la kuchungulia. Jumatano mchana Kiguu alifungua kopo la vifuko akafunga mizigo yote miwili kwa mkupuo mmoja. Juu ya kila ndoo aliandika MAHINDI kwa wino mzito. Tarehe hakuandika, wala mzigo gani. Miguu ilikuwa inamwasha.

"Mzee, chukua yai," Redio alisema, akasukuma mfuko wa mayai ya kuchemsha. "Ila sina chumvi. Yai bila chumvi ni kama mke wangu wa pili."

Kiguu alipekua begi lake. Wachimbaji hutembea na chumvi, na yake ilikuwa humo, ndani ya chupa ya soda ya kioo, imeviringishwa kwenye taulo. Redio aliipokea kwa mkono mmoja akaiinamisha juu ya yai. Hakikutoka kitu. Akaipiga kitako kwenye usukani. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo pande zote, nyeupe, kama ukuta uliopakwa chokaa na fundi asiyejua kazi.

"Hii chumvi na chupa wameshaoana," Redio alisema, akamrudishia.

Kiguu aliishika ile chupa na yai lake likabaki mkononi halijaumwa.

Ilikuwa chupa ya Jumatano. Kipimo cha mtunza stoo: tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, tazama. Chumvi ikianguka chini, mahindi ni makavu. Ikishika kioo, mahindi yana unyevu. Jumatano aliipima punje ya mzigo wa pili, na chumvi ilishika kioo. Akajiambia chupa imeoshwa asubuhi ile, maji hayajaisha ndani. Mkewe alikuwa amesimama na pasi, akauliza, imekauka? Akamjibu imekauka. Angeweza kumuuliza chupa imeoshwa lini. Lilikuwa swali la nusu dakika, na hakuliuliza. Badala yake alimwaga mahindi, akaacha chumvi humo, akasema isitupwe, ataondoka nayo.

Alitoa simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea kwa hiyo alimwomba Redio asimamishe gari. Redio alitazama saa, akasimamisha.

"Umesahau nini?" mkewe aliuliza.

"Ile chupa ya chumvi. Uliiosha lini?"

"Ndilo ulilonipigia?"

"Nijibu, mama."

"Jumapili. Nikaiweka dirishani juani mpaka ulipoichukua."

Kiguu alifumba macho. Jumapili mpaka Jumatano. Chupa ilikuwa kavu kama mfupa.

Akamwambia. Mzigo wa pili ni mbichi. Mkewe aliuliza ndoo zipi, naye akasema labda zile za chini, kisha akasema labda za dirishani. Kwa mbali alisikia mlango wa chumba cha nyuma ukifunguliwa, halafu sauti ya mkewe, ya mtu anayesoma kwa taratibu ndoo moja baada ya nyingine. Mahindi. Mahindi. Mahindi. Mwandiko wenyewe mzuri, alisema, kama wa karani.

Kiguu alimwagiza azifungue zote kumi na mbili, aanike, anuse moja moja.

"Kiguu," mkewe alisema. Alikuwa hamwiti hivyo. Kiguu lilikuwa jina la watu wa nje. "Unanusa maji yaliyo mita sabini chini ya mwamba. Haya ulikuwa umeyashika mkononi."

"Najua."

"Mimi sizifungui. Uliniambia nisifungue mpaka siku ya shida, na mimi nasikia ninachoambiwa. Ukitaka zifunguliwe, njoo ufungue. Usipotaka, ziache. Maji yakija, mimi na mtoto tutakula ulichotuachia."

Akakata. Kiguu alipiga tena, haikupokelewa. Akapiga ya tatu.

Redio alikuwa amesikia yote, akaiacha habari ya mke wa pili palepale. Akawasha gari, wakaenda kama nusu saa. Kiguu alijigeuzageuza kitini, akashusha kioo, akapandisha. Alijaribu kujiambia kwamba mwanamke yule ana akili, hatampa mtoto mahindi yaliyooza. Atanusa kabla ya kupika. Halafu akakumbuka siku kumi na tisa, na neno "tulikula", akajua kwamba mwenye njaa hanusi.

Kwenye njia panda palikuwa na kioski cha soda na fundi wa kuziba pancha. Redio alipunguza mwendo bila kuambiwa.

"Mzee, kugeuza siwezi. Nikichelewa na mimi naondolewa. Lakini kusimama naweza."

"Yule mpwa wa bosi anajua tope?"

"Anajua kupiga picha," Redio alisema. "Mkono wa simu anao."

Kiguu alishuka na begi. Pikapu iliondoka, naye akasimama pale katikati, njia moja inakwenda kambini, nyingine nyumbani, na miguu yake ikiwa haijatulia kwenye yoyote. Aliuacha mnara wa vumbi la Redio upotee kabisa. Basi la kwenda nyumbani lilipita, hakulinyoshea mkono. La pili likapita, likampigia honi, akatazama pembeni. Fundi wa pancha alimuuliza kama anangoja mtu. Akajibu hapana, kisha akasema ndiyo. Lori la mitungi mitupu ya gesi lilipotokea alilipungia mikono yote miwili, akapanda nyuma kabla halijasimama sawasawa, na mitungi ikamgongea masikioni mpaka nyumbani.

Alimkuta mkewe ameketi kizingitini anachambua mchele. Turubai lilikuwa limetandikwa uani, matofali kila pembe, juu yake hamna hata punje. Ndoo zote zilikuwa zimefungwa kama alivyoziacha. Ile pasi ilikuwa juu ya meza, na kopo la akiba la vifuko pembeni yake.

"Babu, safari imeisha?" mjukuu aliuliza.

"Imepinda kidogo," Kiguu alisema.

Mkewe alisogea kizingitini kumpisha. "Ulipotaka chumvi niliitia begini vilevile ilivyoshika kioo," alisema. "Nilijua mayai hayaliwi bila chumvi." Akaendelea kuchambua.

Walifungua ndoo kumi na mbili jioni ileile. Kiguu alinusa, akang'ata punje. Punje za ndoo saba zilipasuka jinoni kwa mlio. Za tano zilibonyea, na kutoka ndani ya mifuko ya ndoo hizo ilipanda harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Mbili kati ya hizo walizimwaga shimoni wakafukia. Tatu walizianika siku sita, na saba zile nazo wakazirudisha juani, kwa kuwa hakumwamini tena mtu yeyote, hasa yeye mwenyewe. Alipima kwa chumvi kila jioni, kila mara kwa chupa aliyoiosha na kuifuta kwa mkono wake. Siku ya saba mkewe alipasha pasi. Safari hii juu ya kila ndoo paliandikwa tarehe, mzigo, na jina la aliyepima.

Mpwa wa bosi alichukua nafasi. Visima viwili vya kwanza vilitoka vikavu, vya mbele vikatoka maji, na sasa yeye ndiye anayesoma tope. Redio aliacha kampuni akaendesha basi la abiria. Ana mke wa tatu. Fundi cherehani alihamia kwa mwanawe. Kampuni haikumpigia Kiguu tena. Kila asubuhi alitembea mpaka barabara kuu, akasimama robo saa akitazama malori, akarudi. Alifanya hivyo miaka minne, kisha magoti yakakataa. Mjukuu alimaliza shule, akaajiriwa stoo ya dawa, ambako wanamsifu kwa kuandika tarehe. Mto haukufurika tena. Ndoo zililiwa moja moja, siku za kawaida, na ya mwisho iliwalisha waliokuja kumzika Kiguu. Mkewe bado anaishi nyumba ileile. Pasi aliigawa.