Lango la Salvangad

Rakhmaji alipofariki, mkewe Tulsabai alibaki peke yake juu mlimani, katika ngome ya Salvangad, yeye na nyati wake wa maziwa. Nyumba nyingine kumi na moja zilikuwa magofu. Wenyewe walishahamia bondeni, karibu na barabara na shule.

Yeye na mumewe hawakuhama, kwa sababu ya jambo la zamani. Waingereza walipoizingira ngome, miaka mia mbili nyuma, mzinga wao ulipasua birika la mwisho la kuhifadhia maji. Siku ya tano bila maji, bawabu, babu wa babu zake Rakhmaji, akafungua lango. Watu wa ngomeni wakapona, lakini ukoo wake ukabandikwa jina la Wafungua Lango, na bondeni hata wachumba waliukwepa.

Mwaka huo mvua za Julai zilibomoa ukuta juu ya lango, mawe yakaziba ngazi. Njia nyingine haikuwepo. Pande zote ni miamba iliyosimama wima. Tulsabai aliita mpaka sauti ikamkauka, ukungu ukameza kila neno. Basi akaanza kuondoa mawe, moja moja, akila mkate wa ulezi na mtindi, akimsimulia nyati habari za marehemu.

Siku ya tisa alisikia mawe yakigongwa upande wa pili. Alikuwa Kondiba, mchungaji wa bondeni, mmoja wa wale waliozoea kumtania sokoni.

"Shangazi, fungua basi," alisema kupitia tundu. "Si ndiyo kazi ya ukoo wenu?"

"Ingekuwa rahisi hivyo, ningekaa humu siku tisa?"

Kondiba akamwomba radhi, akaendelea kufukua. Alasiri akapenya. Huku akinywa mtindi alimweleza kwamba kijijini walidhani ameshakufa, wakaanza hata kugombania nyati. Akamwambia ana chumba kitupu kwake, ahamie.

Tulsabai alikubali, akashuka na nyati wake, naye hakutegemea kupokewa vile bondeni. Wanawake walimletea wali na dengu, watoto wakamwita bibi. Lakini jua lilipozama, kila mtu akarudi kwao kula na watu wake. Tulsabai alikaa kizingitini akitazama juu. Kilele kilikuwa mawinguni, akashindwa hata kukisia nyumba yake iko upande gani.