Kinga Iliyokaba Stoo ya Dawa

Kompyuta ya stoo ya dawa ilikuwa kongwe, na kumbukumbu yake finyu kama mfuko wa shati. Wakubwa walilijua hilo. Hata hivyo walikaa kwenye viti vyao vya kuzunguka huko makao makuu, wakaamua kuitwika programu ya kuzuia virusi yenye tumbo la tembo, wakaipanga ipekue mafaili yote kila siku saa mbili asubuhi. Saa mbili! Saa ileile wodi zote zinapoleta maombi. Na amri ni moja: dawa haitoki mpaka mashine iteme karatasi.

Mtunza stoo, mgane ambaye manesi walimwita Babu Miwani, aliishia darasa la saba, lakini macho alikuwa nayo. Binti yake, fundi wa simu, alimwelekeza kwa simu namna ya kufungua orodha ya vinavyokula kumbukumbu.

"Vinavyojiendesha kimyakimya ni vingapi, baba?"

"Saba, mwanangu. Kimoja kinalinda barua pepe."

"Una barua pepe hapo?"

"Hata ya posta sina."

"Zima hicho. Kingine?"

"Kinalinda michezo."

"Kwani unacheza?"

"Nachezea roho za watu. Ndivyo wanavyotaka wakubwa."

Binti alicheka. "Zima. Ila kinga kuu usiiguse, ile inayokagua faili likifunguliwa. Na ule upekuzi mkubwa uhamishie saa saba, ukienda kula."

Nywila ya kubadilisha mipangilio wakubwa walikuwa wameibandika wenyewe chini ya kibodi, wasije wakaisahau. Ndiyo akili yao hiyo.

Siku tisa karatasi zilitoka chapuchapu. Siku ya kumi, muda mfupi kabla ya saa mbili, akatokea msimamizi wa mitambo, tai shingoni, hata salamu hana.

"Nani kagusa mipangilio?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya foleni."

"Mzee, hii ni kazi ya wataalamu."

"Basi keti, mtaalamu. Tuonyeshe."

Msimamizi akavuta kiti cha magurudumu, akaketi, akarudisha vyote kama vilivyokuwa. Taa ya mashine ikaanza kukonyeza. Mshale ukagoma katikati ya kioo.

Hapo ndipo sista wa wodi ya wazazi alipofika dirishani akihema. "Babu, sindano ya kuzuia damu! Ya wodini imeisha, na mama anavuja."

Babu Miwani akamtazama msimamizi. Msimamizi akaitazama mashine. Dakika moja, mbili, nne.

"Itafunguka tu," msimamizi alisema. "Tuwe na subira."

Babu Miwani aliwahi kuwa na subira. Miaka mitatu iliyopita alikaa kwenye kiti hichohicho, dawa ya mkewe ikiwa rafu ya pili nyuma ya kisogo chake, akingoja karatasi kama alivyoamriwa. Ilitoka. Mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Akainuka, akafungua friji ya dawa, akatoa kichupa na kumtia sista mkononi.

"Kimbia, mama."

"Na karatasi?"

"Kimbia, nimekwambia!"

Msimamizi akaruka kama aliyekalia siafu. "Umevunja utaratibu! Hiyo ni barua ya onyo, mzee. Pengine na kazi huna."

"Nipishe kwanza." Msimamizi alipokawia kusogea, Babu Miwani alikishika kiti mgongoni, akakisukuma pembeni pamoja na mwenye tai. Akasimama mbele ya kibodi, akaingoja ile mashine kwa hasira mpaka ikamsikia, akausitisha upekuzi, akaurudisha saa saba. Akazima cha barua pepe. Akazima cha michezo. Kinga kuu hakuigusa.

Kisha akaandika ombi la sista, akalichapa. Karatasi ikatoka.

"Umeona? Mashine haina kosa. Sasa andika onyo lako."

"Nitaliandika ofisini."

"Hapana, hapa hapa, kwa kalamu. Na uandike kuwa mzazi alikuwa anavuja damu nawe ukasema tuwe na subira."

Msimamizi akaandika. La subira aliliruka. Babu Miwani alilisoma onyo taratibu, neno kwa neno, akaongeza mwenyewe hilo la subira kwa herufi kubwa. Akatia sahihi, na chini yake akaandika: Nimezima. Mkiwasha, nitazima tena.

Halafu akageukia dirishani, kwa waliokuwa wamejipanga.

"Haya, wodi gani inafuata?"