Gari Lililozaa Pacha Wake

Siku daktari wa meno alipokuja kununua gari la Kapteni, alikuta magari mawili. Yote mekundu, yote ya mbio, yote ya zamani, yote ya viti viwili na boneti refu kama maneno ya mchumba. Kapteni mwenyewe, mstaafu wa posta ambaye hakuwahi kuongoza hata mtumbwi, alisimama katikati amejishika kiuno, kama mtu aliyeamka akakuta mlango wa chumba umehamia ukuta mwingine.

Chanzo cha yote ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi mwenye gereji nyuma ya nyumba. Bwana huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: hatupi kitu. Miaka nenda miaka rudi, kila alipotoa kifaa kilichochoka kwenye gari la Kapteni na kufunga kipya, kile cha zamani alikilaza benchi, akakinyoosha, akakichomelea, akakibembeleza hadi kikapona. Kisha alikifunga kwenye kiunzi kitupu alichokificha chini ya turubai. Leo mlango, kesho gia, mara usukani. Polepole, kama mimba ya tembo, turubai likavimba, na juzi likajifungua gari.

Mke wa Kapteni hakutaka hadithi. Uwanja una nafasi ya gari moja na kamba ya nguo, alisema, na kamba haiondoki. Kapteni akakubali kuuza moja, kwa sharti kwamba litakalobaki liwe lile alilomposea mkewe. Bila hilo, alisema, bora alale nje yeye.

Tatizo ni kwamba daktari naye alilitaka hilohilo. Nakala hataki.

"Lenyewe ni lipi?" Kapteni akamuuliza shemeji yake.

Fundi akajifuta mikono taratibu. La kushoto, akaeleza, ndilo Kapteni aliloendesha siku zote, ila cha zamani kilichobaki humo ni kiunzi peke yake. La kulia kila kitu chake ni cha zamani, isipokuwa kiunzi, na Kapteni hajawahi kuliendesha hata hatua moja.

"Kwa hiyo ni lipi?"

"Shemeji, hata wewe meno uliyonayo siyo uliyooa nayo. Dada yangu amewahi kudai ameletewa nakala?"

Daktari, kwa mazoea ya kazi, akamchungulia Kapteni mdomoni. Kapteni akaufunga. Sasa hata juu ya meno yake hakuwa na uhakika.

Akaenda kukaa ndani ya la kushoto, akafumba macho. Moyo ukamwambia ni hili. Akahamia la kulia, akafumba macho tena, na moyo, bila hata haya, ukamwambia ni hili. Ndipo akamwita mkewe aje atoe ushahidi.

Mama alikuja na kibanio cha nguo mdomoni, akakitoa, akasema kwamba enzi zile alikuwa akifumba macho tangu gari linapowashwa mpaka linapozimwa. Sura yake angeijulia wapi? Labda apakiwe tena.

Wakaanza na la kushoto. Lilipanda kilima cha nyuma ya soko likiguna kama paka aliyeshiba, likarudi salama. Mama akashuka, akasema ni zuri, kwa sauti ya mtu anayesifu zulia la jirani.

La kulia lilifika katikati ya kilima, likakohoa, likazima. Fundi na daktari waliokuwa wakitazama kutoka chini wakapanda mbiombio. Walimkuta mama ameshavua viatu, ameshika mgongo wa gari kwa mikono miwili.

"Ni hili," akasema. "Uchumba wetu wote nilikuwa huku nyuma."

Kapteni alitaka kulia kwa furaha, lakini fundi akainua boneti na kumharibia. Kilichogoma ni pampu ya mafuta, akasema, na ukiacha kiunzi, hicho ndicho kifaa kipya pekee humo. Kaifunga jana tu, akasahau kuitaja.

Kapteni akabaki mdomo wazi, safari hii hakujali nani anachungulia. Daktari, kwa upande wake, hakutaka kusikia habari za pampu. Shahidi amesema. Yeye analichukua hili.

Mama akanyoosha mgongo, akamtazama kuanzia viatu vilivyong'aa.

"Mwanangu, una mtu wa kukusukumia?"

Daktari akafikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Halafu akaomba, kwa sauti ya chini, aonyeshwe tena lile linalowaka.

Aliondoka nalo kabla ya jioni. Kapteni alilisikia likipotea mtaani, na mlio wake ukawa uleule wa ujana wake, hauna tofauti hata chembe. Akashika usukani wa hili lililobaki kilimani, akamwita mkewe.

"Una hakika?"

"Toa breki ya mkono," mkewe akajibu kutoka nyuma. "Nasukuma."