Samaki wa Chifu Kornelio

Kila asubuhi ya siku ya kesi Selestine, karani wa baraza, alifungua mlango, akawafukuza kuku wa chifu kwenye benchi la wazee, akafuta vumbi picha ya Malkia, kisha akawalisha samaki. Samaki hao waliishi ndani ya sanduku la vioo kando ya kiti cha chifu. Athuman, fundi wa bati wa Tarime, ndiye aliyeviunga vile vioo kwa fremu ya chuma na lami. Sanduku lilivuja kidogo upande wa wazee, nao hawakulalamika, kwa kuwa maji yalipoza miguu.

Lilikuwa wazo la bwana samaki wa serikali. Mwaka huo wa 1955 serikali ilitaka watu wachimbe mabwawa na kufuga samaki, na bwana samaki aliona vyema wawazoee kwanza kwa macho. Wazee wa baraza walikubali kwa kauli moja. Hakuna hata mmoja wao aliyekula samaki. Wengi wa rika lao waliwahesabu pamoja na nyoka. Lakini kukubali ndiyo kazi waliyoijua, na waliifanya vizuri.

Ndani waliwekwa sato wadogo na furu kadhaa, samaki wa ziwani wasiozidi kiganja. Miongoni mwa furu alikuwamo dume mmoja wa buluu. Kwanza alishika kona moja yenye jiwe zuri. Baadaye akashika upande mzima, kisha chini kote, kisha juu. Mwenzake akikatiza mbele yake, alimng'ata mkia. Wengine wakabanana karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika kama kaptula za vibarua. Chifu Kornelio alimpenda sana yule wa buluu. Alisema huyo ndiye pekee mle ndani aliyejua anachokitaka.

Samaki wa kwanza alitoka siku ya Jumanne. Selestine alimkuta akiogelea hewani, usawa wa masikio ya mtu, karibu na picha ya Malkia. Alikuwa sato mdogo aliyebakiwa na nusu ya mkia. Selestine alimkinga kwa kofia akamrudisha majini. Kufika mchana alikuwa ametoka tena, na mkia umepungua. Juma halijaisha walikuwa nje wote isipokuwa yule wa buluu. Waliogelea polepole chini ya mabati, wakidonoa buibui kwenye boriti. Kesi ziliendelea. Mashahidi walipoapa waliwasogeza samaki kwa kiganja, na Abdallah mwenye duka akaleta visahani vya kufunikia chai.

Wazee walilijadili jambo hilo. Nikodemo, aliyekuwa mzee wa baraza kwa sababu hakuna aliyekumbuka namna ya kumwondoa, alisema madirisha yafungwe. Stanslaus, aliyekaa karibu naye ili apate kukubaliana naye, alisema kosa ni la hao wadogo. Wamepewa maji ya bure na chakula cha bure, na bado wana kiburi cha kutoka nje. Alipendekeza waonywe. Alisimama mwenyewe akawaonya, kwa Kikurya, kisha kwa Kiswahili, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wametoka ziwani na huenda hawakuelewa.

Bwana samaki alipokuja na Landrova yake aliwatazama, akamwondoa mmoja kwenye miwani, akasema tatizo hilo ni la kawaida. Dume akishika mahali muda mrefu hudhani amezaliwa napo. Alisema wamtoe wamweke kwenye ndoo siku chache. Akiisha kutolewa, mawe yote yavurugwe na kupangwa upya, yaongezwe, kila mmoja apate pa kukaa na pa kujificha. Ndipo arudishwe. Atarudi akiwa mgeni, na mgeni hana ubavu wa kumfukuza mwenyeji. Alipomaliza kusema alikunywa chai, akaenda zake.

Selestine alifanya kama alivyoambiwa. Yule wa buluu alipotiwa kwenye ndoo, wenzake walishuka mmoja mmoja toka kwenye boriti, wakaingia majini bila kurusha tone, kila mmoja akatafuta jiwe lake. Mwanamke aliyekuwa akingoja zamu yake kwenye benchi la nyuma aliyaona hayo yote. Zamu yake haikufika, kwa sababu chifu alikuwa Musoma kupimwa suti.

Chifu aliporudi akamkuta samaki wake kwenye ndoo chini ya meza ya karani, aliuliza ni nani aliyemhukumu. Selestine alieleza. Chifu alimtazama kwa upole; alikuwa mpole sana wakati hasikilizi. Kisha akatia mkono kwenye ndoo, akamrudisha yule wa buluu mwenyewe, na mawe akayapanga yalivyokuwa zamani. Jioni ile samaki walikuwa hewani tena, na karani alikuwa ameonywa, naye kwa lugha mbili.

Mwanamke wa benchi la nyuma aliitwa Gati, mjane wa Kerende. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo, kama desturi ya Wakurya inavyomruhusu, alitoa ng'ombe wa mahari akamwoa msichana, Wegesa, ili amzalie watoto kwa jina la nyumba ya marehemu mumewe. Wegesa alikuwa na mtoto mgongoni. Shamba lao lilikuwa bondeni kando ya mto Tigite, udongo mweusi, ulezi upande wa juu na viazi vitamu upande wa chini. Askari wa chifu walikuwa wamefika, wakang'oa viazi, wakaanza kuchimba. Hapo ndipo lingekuwa bwawa la samaki la watu wote. Ng'ombe wa chifu walikuwa tayari wanakula majani ya ukingoni mwake.

Kesi ilisikilizwa na chifu mwenyewe. Yeye ndiye aliyeshitakiwa, na kwa hiyo ndiye aliyeyajua mambo vizuri kuliko wote.

Gati aliwaamkia wazee, akaeleza. Mumewe alizikwa penye ukingo wa shamba lile, na majirani wote walijua mpaka ulipopita. Yeye na mke wake walikuwa wamelima mvua zote bila kudaiwa neno. Sauti yake haikutetemeka.

Chifu alijibu kwamba nyumba isiyo na mwanamume haina mipaka. Shamba la mwanamke na mke wake, alisema, ni jambo la kuchekesha. Wazee wakacheka. Nikodemo alichelewa, kwa sababu ilibidi aamshwe kwanza.

Gati alingoja wamalize.

"Chifu," alisema, "juzi nilikaa pale nyuma. Nilimwona yule wa buluu akitolewa. Hawa wengine wote walirudi ndani, na hakuna aliyekosa mahali. Kumbe maji hayakuwa madogo."

"Hapa tunazungumza shamba," alisema chifu.

"Na mimi nazungumza shamba."

Sato mmoja alipita katikati yao, akageuka, akapita tena. Wegesa alimbana mtoto mgongoni. Selestine alitazama kucha zake. Baadaye alimwambia mkewe kwamba nusura aseme neno. Kunusurika kusema ndio ushujaa uliopatikana kwa wingi miongoni mwa makarani wa wakati ule.

Chifu alisema baraza lake halina roho mbaya. Bwana samaki mwenyewe alishauri kwamba wadogo wapewe mawe ya kujificha, na ushauri wa serikali haupingwi. Basi Gati apewe mawe. Kilimani, juu ya Kemambo, yalikuwapo ya kutosha.

Gati hakulia mbele yao. Alimshika Wegesa mkono, wakatoka. Samaki wakashuka toka chini ya mabati, wakawafuata, wakipita mlangoni wawili wawili. Stanslaus akaomba mlango ufungwe, kwa kuwa sasa hapakuwa na sababu ya kuuacha wazi.

Walijenga kibanda kilimani. Ulezi uliota ukafika kwenye kifundo cha mguu, ukaona inatosha. Gati alikuwa akiamka na kukaa upande wa bonde, ambako aliweza kuyaona majembe yakipanda na kushuka shambani kwake, na alijisikia kama mtu anayetazama nguo zake zikivaliwa na mwingine. Samaki walikaa kati ya mawe. Mapezi yalianza kuota. Jioni moja, chungu kikiwa kimepinduliwa kwa kukosa kazi, Wegesa aliwatazama sana.

"Mama, kule ziwani si wanawala hawa?"

"Wanawala."

"Basi?"

"Tulifukuzwa siku moja, mimi na wao," alisema Gati. "Siwezi kuwala."

Wakalala hivyo hivyo.

Bwawa lilifunguliwa na bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, mbele ya watu wengi waliopelekwa na askari. Chifu alivaa suti. Yule wa buluu alimiminwa ndani na watu wakaambiwa wapige makofi. Bwana shauri akaomba kuwaona na samaki wengine. Hawakuwapo wengine. Chifu alisema wako mapumzikoni kilimani, wangeletwa kabla ya picha kupigwa.

Ndipo askari Matiko alipopanda kilima na kikapu. Alimwamkia Gati shikamoo, akapewa uji mwepesi, akaunywa, kisha akaeleza kwamba samaki wale ni mali ya watu wote na hivyo wanatakiwa na chifu. Gati hakubisha. Matiko aliwakusanya toka kwenye mawe, akashuka nao, wakamiminwa bwawani, picha ikapigwa. Chifu akavishwa nishani kwa maendeleo ya ufugaji. Asubuhi ya pili samaki walikuwa wamerudi kilimani, mikia mifupi.

Ikawa hivyo kila alipokuja mgeni. Wageni walikuwa wengi, kwani bwawa lilisifiwa hadi Mwanza. Matiko alizoea njia, na samaki wakamzoea, hata hawakuhangaika tena alipowashika. Safari moja, siku yenye upepo, alitumwa kusema kwamba chifu anamshukuru Gati kwa kuwatunza samaki wake vizuri.

"Na shamba?" aliuliza Gati.

"Hilo sikutumwa, mama."

Upepo ulikuwa ukikikunja kikapu, mdomo wake unajifunga kila alipotaka kutia samaki. Gati aliinuka, akamshikia kikapu.